Mbili kwa Kipeo, Toa Moja

Chukua mbili, izidishe kwa mbili, jibu ulizidishe tena kwa mbili, uendelee hivyo mpaka ziwe mbili 136,279,841 zilizozidishana, kisha toa moja. Unachopata ni namba tasa, yaani haigawiki pasipo baki ila kwa moja na kwa yenyewe. Ilipotangazwa Oktoba 2024 ilishika nafasi ya namba tasa kubwa kuliko zote zilizowahi kuthibitishwa. Ina tarakimu 41,024,320. Ukiichapa kitabuni, tarakimu 4,000 kila ukurasa, kitabu kitapita kurasa 10,000. Habari zake zilipoenea, kilichotangulizwa kilikuwa huo ukubwa, kwa kuwa ndicho kitu ambacho asiyependa hesabu naye anaweza kukishangaa. Lakini ukubwa ndio sifa yake nyonge kuliko zote. Namba hii tunaijua kwa sababu ya umbo lake, ule ufupi wa kuiandika 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1. Umbo hilohilo linaeleza ilivyopatikana, ilivyothibitishwa na kazi zinazofanywa na ndugu zake wadogo, na linaeleza pia kwa nini tu vipofu mbele ya namba tasa nyingine zote za kimo chake.

Ukubwa peke yake haugharimu kitu. Ongeza mbili moja zaidi kwenye zile zilizozidishana, na tayari unayo namba inayoizidi maradufu. Wala si kwamba namba tasa zinakwisha huko juu. Euclid alionyesha, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, kwamba ukipewa orodha yoyote ya namba tasa, ukazizidisha zote na kuongeza moja, jibu lazima liwe na kigawo tasa kisichomo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo hakuna orodha inayozimaliza. Katika karne ya 19 Pafnuty Chebyshev wa Urusi alithibitisha jambo lililo karibu zaidi na swali letu: kati ya namba yoyote inayozidi moja na maradufu yake, daima kuna angalau namba moja tasa. Na mwaka 1896 Jacques Hadamard na Charles-Jean de la Vallée Poussin, kila mmoja kwa njia yake, walithibitisha kanuni inayotupa makadirio: karibu na namba yenye tarakimu milioni 41, kwa wastani namba moja katika kila milioni 94 hivi ni tasa. Inaonekana ni adimu, lakini uwanja wenyewe ni mpana mno. Namba tasa zilizopo kati ya namba yetu na maradufu yake ni nyingi kiasi kwamba idadi yao tu, ukiiandika, ina tarakimu zaidi ya milioni 41. Siku namba yetu ilipotangazwa, hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa ikijulikana. Chini yake hali ilikuwa hiyohiyo: iliyoifuata kwa ukubwa, 2⁸²⁵⁸⁹⁹³³ − 1 ya Desemba 2018, ina tarakimu 24,862,048, na kati ya hizo mbili hapakuwa na namba tasa hata moja iliyothibitishwa. Anayesema tumefika hapo kwa kupanda ngazi ya namba tasa hatua kwa hatua amekosea picha nzima.

Angalia kwanza mengi yanayopatikana kwa kalamu tu. Mbili zikizidishwa mfululizo, tarakimu mbili za mwisho hujirudia kila baada ya hatua 20. Kipeo chetu kikigawanywa kwa 20 hubaki 1, kwa hiyo mbili kwa kipeo hicho huishia kama inavyoishia 2²¹, ambayo ni 2,097,152. Toa moja, na namba yetu inaishia na 51. Ukichukua logarithimu ya mbili yenye desimali kumi hivi na kuizidisha kwa kipeo, utapata idadi kamili ya tarakimu na utaona pia kwamba ya kwanza ni 8. Katika uandishi wa kompyuta, ule wa sifuri na moja, hata hesabu hizo hazihitajiki: namba nzima ni moja 136,279,841 zilizopangwa mfululizo bila sifuri katikati. Tarakimu, basi, si siri. Anayezipakua zote kwenye faili hajaongeza kitu juu ya yule aliyeandika alama chache za kipeo. Kilichokuwa kigumu ni neno moja tu, tasa, na neno hilo halisomeki kwenye tarakimu hata ukizikodolea macho mwaka mzima.

Umbo husaidia hapo pia, ingawa kwanza kwa njia ya kukataa. Kipeo kisipokuwa tasa, namba nzima haiwezi kuwa tasa. Kipeo kikiwa tasa, tukiite p, na kikawa zaidi ya 2, kila kigawo tasa cha 2ᵖ − 1 lazima kiwe moja zaidi ya kigawe cha 2p. Chukua p = 11: tunapata 2,047, ambayo ni 23 mara 89, na kweli 23 ni 22 na moja, 89 ni 88 na moja. Kwa namba yetu maana yake ni kwamba chini ya 272,559,683 hakuna haja ya kujaribu kigawo chochote. Huo ni msaada mkubwa wa kuzitupa namba mbovu mapema, lakini hauwezi kuipitisha iliyo nzuri. Ili kumaliza kazi kwa kujaribu vigawo, ungelazimika kufika kwenye kipeuo chake cha pili, namba yenye tarakimu milioni 20 na ushei, na hakuna mashine wala umri wa ulimwengu unaotosha kwa hilo.

Historia inaonyesha vizuri jinsi kukisia kunavyodanganya katika jambo hili. Mwaka 1644 mtawa wa Kifaransa Marin Mersenne, ambaye namba hizi zimepewa jina lake, alidai kwamba kwa vipeo visivyozidi 257 umbo hili hutoa namba tasa kwa 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257 pekee. Ilichukua karne tatu kuikagua orodha hiyo, na ikakutwa na makosa matano: 67 na 257 hazikustahili kuwemo, na 61, 89 na 107 zilikuwa zimeachwa. Leonhard Euler alithibitisha ile ya 31, yaani 2,147,483,647, mwaka 1772. Kisha mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas akafanya mambo mawili ambayo kwangu ndiyo kitovu cha habari hii yote. Alithibitisha kwamba 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa. Na alionyesha kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa, bila kutaja kigawo chake hata kimoja. Vigawo vyenyewe, 193,707,721 na 761,838,257,287, vilipatikana mwaka 1903 na Mmarekani Frank Nelson Cole. Kwa miaka 27 watu walijua kwa yakini kwamba namba ile inagawika, na hakuna aliyejua inagawika kwa namba gani. Hapo ndipo elimu ya namba tasa kubwa ilipoachana na utafutaji wa vigawo. Utasa ukawa sifa inayopimwa kwa tabia ya namba katika hesabu fulani.

Kipimo chenyewe, kilichonyooshwa na Derrick Henry Lehmer mwaka 1930, ni kifupi kiasi cha kushangaza. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, na ubakize baki tu baada ya kugawanya kwa namba inayopimwa. Rudia mara p toa 2. Mwisho ukiwa sifuri, namba ni tasa. Usipokuwa sifuri, si tasa. Kwa 31, ambayo ni 2⁵ − 1, hatua ni tatu: 4 inatoa 14, 14 inatoa 194, ambayo baki yake kwa 31 ni 8, 8 inatoa 62, baki sifuri. 31 ni tasa. Kwa 2,047 hatua ni tisa na mwisho wake ni 1,736, kwa hiyo 2,047 imeanguka, na 23 wala 89 hazijatajwa popote. Kipimo hiki kina nguvu zote mbili, ya kukataa na ya kukubali, na chanzo cha nguvu hiyo ni umbo. Kuthibitisha kwamba namba N ni tasa huwa rahisi pale unapovijua vigawo vya jirani yake, N − 1 au N + 1. Kwa namba ya kawaida, kuvitafuta vigawo vya jirani ni kazi ngumu sawa na ile uliyoikimbia. Kwa 2ᵖ − 1, jirani wa juu ni mbili tupu zilizozidishana. Tunavijua vigawo vyake vyote kabla hatujaanza.

Ushahidi wa hili umo kwenye orodha ya namba tasa kubwa zinazojulikana. Kileleni karibu zote zinaishia kwa kutoa moja au kuongeza moja kwenye kitu ambacho vigawo vyake viko wazi. Namba isiyo na umbo lolote la kusaidia inahitaji njia nyingine, na njia zipo. Mwaka 2002 Manindra Agrawal, Neeraj Kayal na Nitin Saxena wa Kanpur, India, walithibitisha kwamba namba yoyote inaweza kupimwa kwa hakika katika muda usiolipuka kadiri tarakimu zinavyoongezeka. Ni ugunduzi mkubwa wa nadharia, ingawa kwa kazi za kila siku wahesabuji hupendelea mbinu ya mikunjo ya duaradufu. Hata hiyo, pamoja na kompyuta zenye nguvu, imefika kwenye tarakimu laki moja hivi. Linganisha na milioni 41. Tofauti hiyo ya mara mia nne hivi ndiyo thamani ya umbo, na haiwezi kuelezwa kwa kasi ya mashine, kwa sababu mashine ni zilezile.

Umbo linasaidia hata ndani ya mashine. Kila hatua ya kipimo inadai baki ya mgawanyo, na kugawanya namba ndefu huigharimu kompyuta. Lakini ukigawanya kwa 2ᵖ − 1 hugawanyi kitu: unalikata zao vipande viwili vya urefu wa p na kuvijumlisha. Ni kanuni ileile ya shuleni ya kupima kama namba inagawika kwa 9 kwa kujumlisha tarakimu zake, kwa kuwa 9 ni 10 toa moja. Rekodi ya Lucas ya namba tasa kubwa kuliko zote, ile 2¹²⁷ − 1, ilidumu miaka 75, mpaka 1951, na kilichofuata kinaonyesha kompyuta ilivyoingia: Januari 1952 Raphael Robinson, akitumia mashine ya SWAC huko Los Angeles, alithibitisha 2⁵²¹ − 1 na 2⁶⁰⁷ − 1, na kabla mwaka haujaisha akaongeza nyingine tatu. Tangu 1996 kazi imekuwa ya mradi wa hiari ulioanzishwa na George Woltman, GIMPS, unaogawa vipeo kwa maelfu ya kompyuta za watu wa kawaida. Namba ya 2024 ilipatikana na Luke Durant, mwanamradi huo aliyewahi kufanya kazi NVIDIA, ambaye alikodi vichakataji vya michoro kwenye vituo vya data vya nchi 17. Hatua za kipimo, kwa kipeo hicho, ni 136,279,839, na kila moja inazidisha namba ya tarakimu milioni 41 kwa yenyewe.

Hapo linaingia pingamizi la kwanza, nalo ni zito: huu ni uthibitisho gani ambao hakuna binadamu anayeweza kuusoma? Biti moja ikipinduka katika hatua ya milioni 90, mwisho wote umeharibika. Pingamizi hili lina kweli ndani yake, kwa sababu mashine hukosea. Mwaka 2016 programu ya mradi huohuo ndiyo iliyofichua kasoro katika vichakataji vipya vya Intel, vilivyokuwa vikiganda vikipewa hesabu za aina hii. Lakini tazama asili ya matokeo. Kosa la bahati mbaya hutoa namba yoyote kati ya zote zinazowezekana. Kuangukia sifuri kwa ajali, pale ambapo jibu halali si sifuri, kuna uwezekano usiostahili hata kuandikwa. Hatari halisi iko upande wa pili, kukosa namba tasa kwa sababu ya kosa, na ndiyo maana mradi umejenga ukaguzi wa katikati ya hesabu, na kipeo kinachotoa matumaini hurudiwa kwa programu tofauti kwenye vifaa tofauti. Siku hizi kipimo cha kwanza ni kile cha Fermat kwa kianzio cha 3 (kianzio kwa kipeo cha N − 1, kikigawanywa kwa N, lazima kibakize moja ikiwa N ni tasa), kisha kile cha Lucas na Lehmer hutoa hukumu. Kianzio cha 2, kwa umbo hili, ni hakimu anayempitisha kila mshitakiwa: 2¹¹ ni 2,048, baki yake kwa 2,047 ni moja, na kwa kuwa 2,046 ni kigawe cha 11, 2,047 inafaulu mtihani huo huku ikiwa si tasa. Umbo linalosaidia lina mitego yake pia. Kwa vyovyote, Lucas naye alikuwa peke yake na karatasi zake. Sioni kwa nini kalamu ya mtu mmoja aliyechoka iaminiwe kuliko programu mbili zisizofahamiana.

Pingamizi la pili husikika zaidi: ina faida gani? Wapo wanaojibu haraka kwamba namba tasa hulinda miamala ya benki. Jibu hilo, likitumika kwa namba hii, si la kweli. Namba tasa zinazotumika katika mfumo wa usimbaji wa RSA huwa na tarakimu 300 hivi, na kinga yake inategemea kwamba hakuna anayezijua isipokuwa mwenyewe. Namba iliyotangazwa dunia nzima haifichi kitu, na yenye tarakimu milioni 41 ingeikwamisha simu yoyote. Faida ipo, ila iko kwa ndugu zake wadogo, na inatokana na umbo. Ile 2⁵²¹ − 1 ya Robinson ndiyo msingi wa P-521, mojawapo ya mikunjo sanifu ya Marekani ya kulinda mawasiliano, na ilichaguliwa kwa sababu baki yake hupatikana kwa kukata na kujumlisha. Mersenne Twister, kanuni ya kutoa namba za kubahatisha iliyobuniwa na Wajapani Makoto Matsumoto na Takuji Nishimura na ambayo lugha ya Python huitumia kama kawaida yake, ina mzunguko wa urefu wa 2¹⁹⁹³⁷ − 1, namba iliyothibitishwa kuwa tasa mwaka 1971. Ule utasa ndio unaorahisisha kuhakikisha kwamba mzunguko haukatiki njiani. Lakini tusizidishe chumvi. Namba 2,147,483,647 ya Euler hukutwa kila mahali kwenye kompyuta, na ndiyo itakayozikwamisha saa za mifumo ya zamani Januari 2038, lakini hapo ni kwa sababu nafasi ya kuandikia ni biti 31. Kuwa kwake tasa hakuhusiki.

Kuna faida nyingine isiyo ya sokoni. Euclid alionyesha kwamba kila namba tasa ya umbo hili huzaa namba kamilifu, yaani iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vidogo kuliko yenyewe, kama 6, ambayo ni 1 na 2 na 3, au 28. Euler akafunga mlango upande wa pili: kila namba kamilifu iliyo shufwa hutoka hapo, hakuna njia nyingine. Kwa hiyo ugunduzi wa 2024 ulileta pia namba kamilifu yenye tarakimu 82,048,640. Kama ipo hata moja iliyo witiri, hilo liko wazi bado.

Pingamizi la tatu ndilo ninalolikubali kwa sehemu kubwa: tunatafuta pale tu panapotafutika, kisha tunaita tunachokipata kikubwa kuliko vyote. Ni kweli, na orodha za rekodi zingesomwa vizuri zaidi kama historia ya mbinu zetu kuliko ramani ya namba tasa zenyewe. Tena umbo halitoshi peke yake. Chukua ile 2¹²⁷ − 1 ya Lucas, uifanye kipeo cha mbili, utoe moja. Umbo ni lilelile, kanuni ni ileile, kipeo ni tasa. Lakini tarakimu zake zinazidi 10³⁷, kipimo hakiwezi hata kuanza, na kinachobaki ni kujaribu vigawo kimoja kimoja kwa kutumaini kuiangusha. Ndani ya mpaka tunaoweza kuufikia, hata hivyo, umbo hili limetupa kitu cha kupima nadharia. Hendrik Lenstra, Carl Pomerance na Samuel Wagstaff walikadiria, kwa hoja za uwezekano zisizo uthibitisho, kwamba kila kipeo kinapoongezeka maradufu tutarajie namba tasa 1.78 hivi za aina hii. Hadi kipeo cha 136,279,841 makadirio yanatoa 48. Zinazojulikana, namba yetu ikiwemo, zilikuwa 52, na upekuzi wa vipeo vilivyo kati ya hiyo na ile ya 2018 ulikuwa haujakamilika, kwa hiyo 52 inaweza kuongezeka na haiwezi kupungua. Makadirio hayo yakiwa sahihi, namba tasa za umbo hili hazina mwisho. Hakuna aliyethibitisha kwamba ni hivyo. Na katika vipeo tasa vinavyofeli mtihani, ambavyo ndivyo karibu vyote tunavyovipima, hakuna aliyethibitisha kwamba navyo havina mwisho.